Kilio, kinu na kasia: namna watu wa Swima wanavyotuliza mwili uliotishwa

Miaka michache iliyopita vijana wawili wa shirika moja walikuja hapa kwetu Swima kutufundisha kupumua. Usicheke. Walituketisha chini ya mwembe, karibu na barabara inayotoka Uvira kwenda Baraka, wanawake upande huu na wanaume upande ule, wakatuambia tuvute hewa polepole kwa pua, tuishike kidogo, kisha tuitoe kwa mdomo kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Halafu wakatuonyesha kushika vidole, kimoja kimoja, kwa mkono wa pili. Kidole gumba ni cha huzuni na machozi, walisema. Cha shahada ni cha woga, cha katikati ni cha hasira, cha pete ni cha mahangaiko, na kile kidogo ni cha mtu anayejidharau. Shika mpaka usikie mshipa unapiga, kisha hamia kingine.

Shangazi yetu, aliyeketi mstari wa mbele na mguu wake mbovu umenyoshwa, akashika gumba lake, akangoja, akasema kwa sauti: "Sasa hii si ile tunafanyaka ku matanga? Mtu akilia, jirani yake anamushika mukono. Mbona mulitoka mbali vile kutuletea?"

Watu walicheka, na wale vijana pia. Lakini sisi neno lile lilitukaa. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza ni vitu gani tulivyokuwa navyo, ni vipi vilivunjika, na ni vipi tulivitupa sisi wenyewe kwa kutojua. Ndiyo sababu tulipoombwa kuandika juu ya desturi katika kijitabu hiki, hatukuchagua ndoa wala mahari. Tunaposema "sisi" ni sisi watoto wa nyumba moja: tulizaliwa saba, tumebaki watano, na haya tumeyazungumza pamoja kabla ya mmoja wetu kuyaandika.

Tuanze na mama.

Mwishoni mwa mwaka wa 1996, vita ya AFDL ilipoteremka kutoka Uvira, tulitembea mpaka Baraka na kutoka huko tukavuka usiku kwa mtumbwi wa injini kwenda Kigoma. Ziwa lilikuwa baya. Walioandika vitabu wanasema Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na upana wake katika sehemu nyingi hauzidi 50. Usiku ule sisi tuliona upana tu. Mama alikaa kimya njia yote, mtoto mgongoni, hakusema hata "mushikane". Tulipokanyaga mchanga wa upande wa pili, akaanza kutetemeka. Magoti kwanza, halafu mapaja, halafu meno. Haikuwa baridi, jua lilikuwa limeshatoka. Alitetemeka, akatulia, akaanza tena, siku ile na kesho yake.

Sisi tulifanya nini? Tulimshika. Tulimfunika vitenge vyote tulivyokuwa navyo, wawili wakamlalia miguu, na mtu mmoja aliyekuwa mwombaji mwenye nguvu akamwekea mkono juu ya kichwa na kulikemea pepo. Mama akatulia. Tulimshukuru Mungu. Lakini kuanzia hapo, muda wote tuliokaa Nyarugusu, shingo yake ilikuwa ngumu kama mti, usiku hakulala zaidi ya saa mbili tatu, na tumbo lilimuuma kila tuliposikia lori linavuma mbali. Kituo cha afya walimpa dawa ya tumbo.

Hatusemi kwamba kumshika ndiko kulikomletea ugonjwa. Hatuna ushahidi wa kusema hivyo. Tunasema tu kwamba hatukujua tulikuwa tunaona nini. Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alieleza tangu mwaka wa 1915 jinsi mwili wa mnyama au wa mtu unavyojiandaa kupigana au kukimbia: adrenalini inamwagika katika damu, moyo unakwenda mbio, damu inaelekea kwenye misuli mikubwa, tumbo linaacha kusaga chakula. Hatari ikipita, mwili unatakiwa kurudi chini. Sasa fikiria mama aliyekaa usiku mzima ndani ya mtumbwi, mwili wake wote umejiandaa kukimbia, na hakuna pa kukimbilia, ni maji kila upande. Huenda kutetemeka kule kulikuwa ni mwili unaoshuka. Mwamerika mwingine, David Berceli, aliyefanya kazi miaka mingi katika nchi za vita, Afrika na Mashariki ya Kati, alitunga mazoezi ambayo yanachosha miguu kwa makusudi ili mtetemeko uje wenyewe, kisha mtu anaachwa atetemeke kwa utulivu. Wataalamu hawakubaliani wote juu ya mazoezi hayo, na utafiti juu yake bado ni mdogo. Lakini tulipoyasikia, tulimkumbuka mama mchangani Kigoma, na hakuna aliyesema kitu kwa muda.

Sasa matanga. Hapa ndipo shangazi alikuwa na haki.

Kwetu, mtu akifa, watu hawatumi salamu za pole na kwenda zao. Wanakuja na kulala. Wanawake wanaingia nyumbani, wanatandika mikeka chini karibu na wafiwa, miguu kwa miguu, bega kwa bega. Wanaume wanawasha moto nje na kukaa hapo mpaka alfajiri, wakizungumza habari za marehemu, na za nyavu, na za siasa, na mara nyingine za kuchekesha. Mgeni anashangaa: hawa wanacheka ku kilio? Ndiyo, wanacheka. Kisha mwanamke mmoja anaingia kutoka njiani, amesikia habari leo tu, anapiga yowe mlangoni, na nyumba yote inalia upya pamoja naye. Baadaye mtu anaanzisha wimbo kwa sauti ndogo, wengine wanaupokea, kilio kinageuka wimbo, wimbo unaisha, kunakuwa kimya, mtu anauliza kama bukari imeiva.

Angalia kilichopita hapo. Kilio cha kwetu si cha kufuta machozi kwa kitambaa. Ni sauti ndefu inayotoka tumboni mpaka hewa iishe, kisha mtu anavuta hewa nyingine na kuirudia. Wimbo ni vilevile: mstari mrefu, pumzi ndefu ya kutoka. Na hao vijana wa chini ya mwembe walituambia nini? Toa hewa polepole kuliko ulivyoivuta. Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani kupitia shingoni mpaka moyoni na tumboni, waganga wanauita vagasi. Pumzi ndefu ya kutoka inausaidia kupunguza mbio za moyo. Bibi zetu hawakujua jina la mshipa, lakini walijua kwamba mwenye kulia peke yake chumbani anatoka na kichwa kinamuuma, na mwenye kulia ndani ya wimbo wa watu thelathini anatoka na njaa. Mwenye njaa atapona.

Na si sauti tu. Mfiwa hakuachwa alale peke yake. Alipewa uji akiwa amekaa chini, alishikwa mkono alipokwenda msalani. Kila ukoo ulikuwa na siku zake za kumaliza: watu wanaoga ziwani, wengine wananyolewa nywele, kiwanja kinafagiwa, moto unazimwa. Siku hiyo mwili unapata habari kwamba jambo limeisha. Unaweza kumwambia mtu kwa mdomo mara mia kwamba limeisha, lakini maji ya baridi ya Tanganyika saa kumi na mbili asubuhi yanasema kwa nguvu zaidi.

Tusiyapambe mambo lakini. Kijitabu cha desturi kisiwe kijitabu cha uongo. Katika matanga hayohayo tuliona mjane akilazwa na njaa kusudi ionekane amehuzunika. Tuliona shemeji zake wakigombania sufuria kabla kaburi halijakauka. Tulisikia jina la mchawi likitajwa karibu na moto wa wanaume, na mara nyingi jina hilo lilikuwa la mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea. Mwili wa nani unatulizwa hapo? Na wale mama na wasichana waliotendewa mabaya na watu wenye silaha, mara ngapi ukoo uliwaambia wanyamaze ili jina la nyumba lisiharibike? Kwao hakukuwa na matanga, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Walikwenda shambani kesho yake.

Kulikuwa na mahali pamoja tu, nadhani, ambapo waliweza kusema bila kusema: kwenye kinu. Mwenye kutwanga sombe peke yake anatwanga tu. Wakiwa watatu kwa kinu kimoja ni jambo lingine. Mchi mmoja unapanda, mwingine uko juu, wa tatu unashuka, na ukikosea hata kidogo michi inagongana. Huwezi kufikiri ya jana ukiwa humo. Mikono, mgongo na pumzi vinakwenda pamoja, na juu yake kuna wimbo, na ndani ya wimbo mtu anaingiza maneno yake bila kutaja jina la mtu. Wenzake wanaelewa. Wanaitikia. Tuliokuwa watoto tulisikia nyimbo za vita ya Mulele zikiimbwa kwenye kinu, vita ya miaka ya 1964 na 1965 ambayo bibi zetu waliikimbia porini, na hatukujua tunasikia nini. Tulidhani ni nyimbo za sombe.

Mama mzazi naye alikuwa na yake. Akishajifungua, alikandwa kwa maji ya moto na kitambaa, tumbo na mgongo, kisha akapakwa mafuta ya mise, asubuhi na jioni, na mwanamke mzoefu. Kazi hiyo ilikuwa ya mkono, lakini ilikuwa pia ya sikio. Shangazi anatuambia kwamba waliojifungua safarini wakati wa kukimbia, wakikandwa, ndipo walisimulia yaliyowapata, macho yakitazama ukuta. Mkandaji hakuuliza. Aliongeza maji ya moto tu.

Sasa tueleze vita ilivunja nini. Watu wengi wanahesabu nyumba zilizochomwa na ng'ombe walioibwa. Hawahesabu matanga ambayo hayakukaliwa.

Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka siku za kwanza za Januari 1999, raia waliuawa kwa wingi Makobola na katika vijiji vya jirani, pamoja na wanawake na watoto. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2010 inataja zaidi ya watu 800. Makobola na Swima ni majirani. Baba yetu alikuwa amerudi kutoka Tanzania kuangalia michikichi yake, na siku zile alikuwa Makobola. Hakurudi. Habari ilitufikia Nyarugusu kwa mdomo wa mtu, aliyeisikia kwa mtu. Waliokufa walizikwa pamoja, haraka, na walioweza kuwazika. Sisi hatukuwa na mwili, hatukuwa na kaburi, na hatukuwa hata na hakika. Ukikalia matanga ya mtu, na kesho akatokea? Mama alikataa. Alisema tungoje. Tulingoja miaka minane.

Yaya wetu mkubwa ndiye aliyengoja vibaya kuliko wote. Yeye alikuwa amepita tohara ya zamani, ile ya vijana kukaa porini, ambako mvulana anafunzwa kutotoa sauti kisu kinapomgusa. Hatuidharau ile shule. Ilitoa wanaume wanaoweza kubeba mzigo mlimani bila kunung'unika. Lakini maumivu ya kisu yana mwisho wake: kidonda kinakauka, vijana wanatolewa porini kwa ngoma na chakula, mama zao wanawapokea kwa vigelegele. Uvumilivu ule ulikuwa na mlango wa kutokea. Vita haikuwa nao. Yaya alivumilia, akavumilia, na hakuna aliyekuja kumtoa porini. Mlango ukipigwa na upepo, anaruka. Mtoto akimgusa kwa nyuma, anageuka na ngumi. Akaanza kanyanga, kidogo jioni, halafu asubuhi. Watu wakasema ana troma, kwa jinsi wanavyosema "ana malaria".

Tulirudi Swima mwaka wa 2006, wakati meli zilipokuwa zikiwaleta wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Baraka. Michikichi ya baba ilikuwa imeshikwa na mtu mwingine, hiyo ni habari ya siku nyingine. Mwaka uliofuata wazee wa ukoo wakasema basi, inatosha, tukae matanga bila mwili. Tukatandika mikeka. Tukawasha moto. Watu walikuja mpaka kutoka Mboko, na wengi wao hawakuja kwa ajili ya baba tu, kila mmoja alikuwa na wake ambaye hakumlilia. Hatujawahi kusikia kilio kama kile. Usiku wa pili, karibu na moto wa wanaume, yaya alianza kutetemeka. Magoti kwanza.

Na sisi, ambao tulikuwa tumemwona mama mchangani miaka kumi na moja kabla, tukafanya nini? Tukakimbia kumshika! Mjomba akamwambia: "Wewe ni mwanaume, jikaze." Mmoja wetu alikwisha kumkamata mikono kwa nyuma. Shangazi akatoka nyumbani, mguu wake ukiburuzika, akatusukuma kwa kiwiko.

"Mumuache. Ni mwili njo unalia. Mumuache amalize."

Akakaa chini karibu naye, hakumshika, akaweka tu kiganja mgongoni, mahali palepale unapomwekea mtoto anayekohoa. Yaya alitetemeka muda wa kuni mbili kuungua. Halafu sauti ikatoka. Hatutaieleza. Ilipoisha alilala palepale juu ya mkeka, mdomo wazi, mpaka jua likampiga usoni, na hakuna aliyemwamsha.

Tungependa kuandika kwamba alipona. Hakupona siku ile. Aliacha kanyanga ya asubuhi, ya jioni ikabaki. Kilichomsaidia zaidi, kwa maoni yetu, kilikuwa kasia. Alianza kwenda tena kuvua ndagala usiku na wenzake, kwa taa, katika usiku wa giza usio na mwezi. Mtu asiyejua anadhani uvuvi ni samaki. Ni kupiga kasia pamoja saa nzima kufika mahali penyewe, mgongo unakwenda na kurudi, mmoja anaimba, wengine wanajibu na kutoa pumzi kasia linapovuta maji. Kisha ni kungoja, kimya, macho juu ya mwanga. Alisema kwamba huko ziwani mwili wake unajua upande wa kila sauti. Asubuhi alilala, usingizi wa kweli. Kuna miezi ambayo watu wenye silaha walisumbua wavuvi na hakuweza kwenda, na katika miezi hiyo usingizi ulipotea tena. Kwa hiyo usituambie kwamba amani ya moyo haina uhusiano na amani ya ziwa.

Turudi kwa wale waliosoma, maana hatupendi kusema kwamba dawa zote zilikuwa mikononi mwa bibi. Wataalamu waliingiza neno la ugonjwa huu wa baada ya mshtuko katika kitabu kikubwa cha Wamarekani cha magonjwa ya akili mwaka wa 1980 tu, baada ya askari wao kurudi kutoka Vietnam. Siyo zamani sana. Hapa kwetu Kivu, mwaka wa 2013, ulichapishwa utafiti uliofanywa Kivu ya Kusini na ya Kaskazini juu ya wanawake 405 waliobakwa au kuona ubakaji. Katika vijiji vingine walipewa mshauri mmoja mmoja, katika vingine walikaa kwa kundi na kufundishwa namna ya kupima mawazo yao wenyewe, kama lile la "ni kosa langu". Wengi hawakujua kusoma, basi masomo yakageuzwa yawe ya kukariri. Miezi sita baada ya kumaliza, katika makundi waliobaki na dalili nzito za huzuni au mahangaiko walikuwa 9 kwa 100. Kwa wale wengine walikuwa 42 kwa 100. Utafiti ule haukupima mikeka wala vinu. Lakini waliokaa kwa kundi walizungumza, na nani anabisha kwamba kukaa mduara mmoja, wiki baada ya wiki, na watu wanaojua, ni nusu ya dawa? Hata Bukavu, ambako Daktari Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka wa 1999, anayetibiwa mwili hupewa pia msaada wa moyo. Na kule kwenye Mji wa Furaha, uliofunguliwa 2011 kwa wanawake walionusurika, wanacheza ngoma pamoja na masomo mengine.

Na tuseme pia walipokosea wale vijana wa chini ya mwembe, kwa heshima, maana walikuja na moyo mzuri. Walisema: "Wote mufunge macho." Mama mmoja, mkimya, akasimama. "Mimi macho sifungi," akasema. "Nikifunga, naona wale watu." Wakamwambia ajaribu tu, ni salama. Akachukua kikapu chake akaondoka, na wengine watatu wakamfuata. Shangazi ndiye aliyewarudisha wiki iliyofuata, kwa kuwaambia vijana kwamba ku matanga hakuna mtu anayeamuriwa kufunga macho. Ukitaka unaangalia moto. Tangu hapo walifanya mazoezi macho wazi, wakitazama ziwa. Nasikia siku hizi waalimu wazuri wa kazi hiyo wanafundisha hivyo kila mahali. Sisi tulijifunza kwa mama mwenye kikapu.

Jambo linalotuuma sasa ni kwamba sisi wenyewe tunayafupisha matanga. Watu wanakuja mchana na kuondoka jioni. Kuna kipaza sauti na jenereta. Wimbo unatoka ndani ya sanduku, na wafiwa wamekaa viti vya plastiki vya kukodi, kila mmoja mbali na mwenzake kwa urefu wa mkono. Tunajua sababu: bukari ya watu mia kwa siku saba inamaliza nyumba, na mjane anabaki na deni. Tumesema pia juu ya shemeji na sufuria. Kwa hiyo hatuombi siku saba zirudi. Tungependa mikeka irudi, basi, na sauti ya watu, hata kwa usiku mbili. Makanisa mengine yamekataza nyimbo za zamani. Tunawaomba wachungaji, ambao wengi ni ndugu zetu wa tumbo, waangalie kama kinachowatisha ni maneno ya wimbo au ni wimbo. Maneno yanaweza kubadilishwa.

Mwaka wa 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, watu wengi wa Kivu ya Kusini walikimbia tena, wengine kuvuka kwenda Burundi, wengine kuteremka huku kando ya ziwa. Nyumba ya shangazi ilipata wageni: mama wawili na watoto watano. Mmoja wa wale mama hakuwa akisema. Alikula alipopewa, alilala alipoonyeshwa. Mtoto wake ndiye aliyetuambia jina lake.

Shangazi hakumpeleka kwanza popote, wala hakumuuliza kitu. Siku ya nne alimpa mchi. Walikuwa watatu kwa kinu, shangazi ameketi pembeni kwa sababu ya mguu, anaita mwendo kwa makofi. Yule mama alikosea. Michi ikagongana, sombe ikaruka nje, watoto wakacheka. Wakaanza tena, akakosea tena. Jioni ile waliacha sombe nusu haijatwangika, ikapikwa hivyohivyo, ngumu, tukaila. Kesho yake alichukua mchi bila kuitwa. Baada ya wiki mbili alikubali kwenda na shangazi kwa mama msaidizi wa kituo cha afya, yule anayeongea na watu wenye mshtuko, wakaenda mara ya kwanza, na ya pili.

Yaya bado anaruka mlango ukipigwa. Mama yetu alitangulia mwaka wa 2019, usingizini, na tulimkalia matanga usiku tano juu ya mikeka. Juzi yaya alituma ujumbe kwamba taa yake ya kuvulia imekufa betri, na giza la mwezi linakaribia, kwa hiyo mmoja wetu anayepita Baraka sokoni asimsahau.